Saluni si anasa, ni kazi

Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wahenga waliotoa msemo huo hawakuishi katika mji ambamo nywele zina leseni, zina ushuru wa bidhaa, zina kodi ya pango na zina bili ya umeme. Siku hizi nywele za mtu si zake peke yake. Zinamhusu msusi aliyezisuka, mwenye nyumba aliyempangisha msusi chumba, mfanyabiashara aliyeleta rasta kutoka ng'ambo, halmashauri inayotoa leseni, na hata Waziri wa Fedha anapoandaa bajeti.

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu kazi ya nywele. Tutaitazama ilikotoka, shida zilizoilea, na nafasi zilizo wazi mbele yake kama tutakubali kuzitumia.

Jambo hili limetujia kwa sababu ya amri iliyotolewa na Wizara ya Viwanda na Biashara tarehe 28 Julai 2025. Amri hiyo inawakataza wasio raia wa Tanzania kufanya biashara 15 ndogo ndogo. Katika orodha hiyo, pamoja na uwakala wa kutuma fedha kwa simu na ufundi wa kutengeneza simu, imo saluni, isipokuwa ile iliyo hotelini au inayohudumia watalii. Wapo walioishangilia amri hiyo. Wapo pia, hasa upande wa Nairobi, walioilalamikia wakisema inakwenda kinyume cha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010. Ubishi huo una mahali pake, nao wanasheria watauendeleza.

Ninachotaka tukitazame sisi ni kingine. Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa wakubwa kubisha hodi saluni. Walikuja mwaka 1968 wakikataza. Wakaja mwaka 2019 wakitoza. Wakaja mwaka 2025 wakilinda. Kila mara sababu ilikuwa nyingine, lakini waliyemkuta ndani alikuwa yule yule: mwanamke aliyesimama tangu asubuhi, kitana mkononi, ambaye sauti yake ilisikika kidogo kuliko ya mtu yeyote katika shauri hilo. Ili kuelewa kwa nini imekuwa hivyo, hatuna budi kurudi nyuma.

Kazi ya kinyozi na kazi ya barazani

Hapo zamani, kichwa cha mwanamume na kichwa cha mwanamke vilihudumiwa kwa taratibu mbili tofauti. Mwanamume alikwenda kwa kinyozi. Kinyozi alikaa chini ya mwembe au pembeni mwa soko akiwa na kigoda, wembe, mkasi, kipande cha kioo na sabuni. Mtu alinyolewa, akalipa, akaenda zake. Kinyozi alihesabiwa kuwa fundi. Aliitwa nyumbani mtoto alipofikisha siku saba ili kumnyoa nywele za kuzaliwa, na aliitwa msiba ulipomalizika kuwanyoa wafiwa. Lugha yenyewe inashuhudia heshima yake. Tunasema kinyozi hajinyoi. Tunasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Kwa mwanamke mambo yalikuwa mengine. Yeye alisukwa barazani au uani, amekaa mkekani, kichwa kikiwa kati ya magoti ya shangazi, jirani au shoga. Nywele zilichanuliwa kwa chanuo la mti, zikapakwa mafuta ya nazi, zikasukwa mistari. Penye harusi zilitiwa asmini na manukato. Penye msiba zilisukwa haraka haraka mistari mikubwa, ndiyo tuliyoiita twende kilioni. Malipo yalikuwa ni zamu: leo nisuke mimi, kesho nikusuke wewe. Fedha haikupita mikononi.

Hapo ndipo ilipo mizizi ya tatizo letu. Kazi mbili za nywele, moja ilikuwa na bei na nyingine haikuwa nayo. Ile yenye bei tuliiita ufundi. Ile isiyo na bei tuliiita mambo ya wanawake. Ujuzi wa kusuka ulikuwa mkubwa, pengine mkubwa kuliko wa kunyoa, kwa maana unadai vidole vyepesi, macho makali na subira ya saa nyingi. Lakini kwa kuwa haukuandikwa katika daftari la mapato, haukuhesabiwa. Hata ulipokuja kulipiwa baadaye, wengi waliendelea kuuona kama mchezo wa wanawake wenye muda wa kupoteza.

Hodi ya kwanza

Miaka ya 1960 mji wa Dar es Salaam ulikuwa unakua upesi. Wasichana waliosoma walianza kupata kazi za uchapaji, ukarani na uuguzi. Walikuwa na mshahara wao, na sehemu ya mshahara huo walipenda kuitumia kwa kujipamba. Wengine walichoma nywele kwa chanuo la moto zikanyooka. Wengine walivaa mawigi, ambayo wakati huo yalikuwa yamepamba moto duniani kote.

Ilikuwa mwaka mmoja na miezi kadhaa tu baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967. Nchi ilikuwa inajitafuta, nayo ilikuwa na haki ya kujitafuta. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana, ambayo ingeanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Ilipiga vita nguo fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi. Hoja ilikuwa kwamba vitu hivyo ni mabaki ya ukoloni na vinaharibu utamaduni wa Mwafrika.

Kabla hata ya tarehe iliyopangwa kufika, vikundi vya vijana viliwaandama wanawake katika eneo la Kariakoo, vikawavuta na kuwadhalilisha kwa sababu ya mavazi yao. Ubishi mkali ukazuka magazetini. Waliounga mkono walisema Taifa haliwezi kujengwa na watu wanaoona haya nywele zao. Waliopinga waliuliza swali lisilo na jibu rahisi: kama wigi ni la kigeni, je, suti na tai za wakubwa zilishonwa na mababu?

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli. Ni kweli kwamba ukoloni uliwafundisha Waafrika wengi kudharau nywele zao, na dawa za kujichubua zimewaumiza wengi hadi leo. Lakini ni kweli pia kwamba heshima ya Taifa ilitafutwa kichwani kwa mwanamke kabla ya kutafutwa mahali pengine. Jambo moja halikusemwa na upande wowote kwa sauti kubwa: kwamba nywele ni riziki. Ilikuwa mapema bado. Riziki hiyo ilikuja na dhiki ya miaka iliyofuata.

Dhiki inazaa saluni

Wenye umri wa kukumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 watakumbuka foleni za sabuni, sukari na mafuta ya kula. Bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda duniani, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, na viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia malighafi. Mshahara wa mfanyakazi wa Serikali ulibaki kwenye karatasi, lakini thamani yake sokoni iliporomoka mwaka hadi mwaka. Ilifika mahali mshahara wa mwezi haukutosha kulisha familia hata nusu ya mwezi.

Watu wakatafuta njia. Wengine walifuga kuku na nguruwe, wengine walishona nguo, wengine walipika maandazi. Shughuli hizo zilipewa jina la heshima: miradi. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na wengi waliokuwa wakihangaika mijini walikamatwa kama wazururaji. Hata hivyo dhiki ilikuwa na nguvu kuliko msako. Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta vitu bila kuulizwa sana alikozipata. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa, nchi ikatiliana mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Katika makontena yaliyoanza kushuka bandarini, pamoja na mitumba na redio kaseti, zilikuwamo dawa za nywele, rola, draya na rasta. Ndipo saluni zilipochipua. Wake wa watumishi na watumishi wanawake wenyewe walifungua saluni kama mradi wa kuziba pengo la mshahara. Chumba cha mbele cha nyumba kiligeuzwa, kikawekwa kioo kikubwa, viti viwili na draya moja. Vichwa vya kalikiti vilivyong'aa kwa mafuta vikajaa mjini, na foronya za mito zikapata taabu. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliporuhusu viongozi wa chama kuwa na kipato cha pili, aibu iliyobaki ikaondoka.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, anayesema saluni ni tunda la anasa haijui historia yake. Saluni ya mjini ni mtoto wa dhiki. Ilizaliwa mshahara ulipokufa. Imelipa karo za shule, imejenga nyumba za Mbagala na Kimara tofali kwa tofali, na imewasitiri wajane wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Ilifanya pia jambo moja ambalo hakuna mpango wa Serikali uliolifanya: ilitia bei katika ule ujuzi wa barazani ambao kwa karne nyingi ulitolewa bure.

Miaka ya 1990 ikaongeza wateja. Mwaka 1994 televisheni zilianza kurusha matangazo Tanzania Bara, na mwaka huo huo mashindano ya Miss Tanzania yakarudi baada ya kuzuiliwa tangu miaka ya 1960. Msichana aliyekatazwa kufuga nywele shuleni alimaliza kidato cha nne, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuzifuga na kumtafuta msusi.

Wenzetu walifanyaje

Inafaa tutupie jicho kwa wengine walioichukua kazi hii kwa uzito, tuone faida waliyoipata na gharama waliyoilipa.

Tuanze na Korea Kusini. Katika miaka ile ile ambayo Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa ukipiga marufuku mawigi, Wakorea walikuwa wakiyatengeneza. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilizuia nywele zilizotoka China kwa sababu ya uhasama wa kisiasa, na viwanda vya Korea vikaingia kuziba pengo. Kufikia mwaka 1970 mawigi yalikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa ambazo nchi hiyo iliuza nje. Kabla ya magari na televisheni, Korea iliuza nywele.

Lakini waliozishona nywele hizo walikuwa wasichana waliotoka vijijini, waliolipwa kidogo na kufanya kazi saa nyingi. Agosti 1979 wafanyakazi wanawake wa kampuni ya mawigi iliyoitwa YH, baada ya kiwanda chao kufungwa, walikwenda kujifungia katika makao makuu ya chama cha upinzani mjini Seoul. Polisi waliwaingilia kwa nguvu, na msichana mmoja aliyeitwa Kim Kyung-sook akapoteza maisha. Tukio hilo lilizidisha moto wa kisiasa uliokuwa ukifuka. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo Rais Park Chung-hee aliuawa na mkuu wa idara yake mwenyewe ya ujasusi. Funzo ni kwamba nywele zinaweza kujenga uchumi, ila asiyewalinda wanaozishika hujijengea matatizo.

Mfano wa pili ni wa mwanamke mmoja wa Marekani, Sarah Breedlove, aliyejulikana baadaye kwa jina la Madam C. J. Walker. Alizaliwa Louisiana mwaka 1867, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani. Alifua nguo za watu kwa miaka mingi. Alipoanza kuuza mafuta yake ya nywele hakuishia kuuza chupa. Alifungua mafunzo, akawafundisha wanawake Weusi namna ya kuhudumia ngozi ya kichwa na namna ya kuweka hesabu, akawafanya mawakala wake. Mwaka 1910 makao ya kampuni yake yalikuwa Indianapolis, na hapo akawa na kiwanda. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake katika mkutano mkubwa mjini Philadelphia. Mkutano huo haukuzungumzia mafuta peke yake. Ulimpelekea Rais Woodrow Wilson ujumbe wa kumtaka azuie mauaji ya Weusi. Wanawake ambao jana walikuwa wafuaji na wapishi walikuwa wamepata ujuzi, kipato na umoja, na vitu hivyo vitatu viliwapa sauti.

Ukiilinganisha hali hiyo na yetu utaona tofauti mara moja. Sisi tunao ujuzi, na kipato kidogo tunacho. Umoja bado.

Hodi ya pili na ya tatu

Juni 2019, katika hotuba ya bajeti ya mwaka 2019/20, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alipendekeza ushuru wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zile zinazotoka nje. Bajeti hiyo hiyo iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa taulo za kike, uliokuwa umetolewa mwaka mmoja tu kabla. Vijiweni watu walicheka, wakasema sasa wanawake watarudi kwenye nywele zao. Wachache walikumbuka kwamba anayenunua rasta kwa wingi ni msusi, na kwamba bei ya pakiti ikipanda mteja haongezi fedha, bali anapunguza safari za saluni.

Sisemi kwamba Serikali isitoze kodi. Barabara na hospitali hazijengwi kwa maneno. Wala si kosa kukipa nafuu kiwanda cha nyumbani dhidi ya bidhaa za nje, maana ushuru wa 10 na wa 25 ulikuwa na maana hiyo pia. Nywele za bandia ni biashara kubwa. Uzi wa Kanekalon, unaotumika sana kwa rasta, ulianza kutengenezwa Japani mwaka 1957. Mwaka 2011 kampuni ya Godrej ya India ilinunua sehemu kubwa ya kundi la Darling, lenye viwanda katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Wageni waliotia mitaji yao humo wameona faida ambayo sisi tunaiita upuuzi. Ninachosema ni kwamba kodi iliyokuja kana kwamba inaadhibu anasa ilimpiga mfanyakazi.

Amri ya mwaka 2025 ilikuja kwa sura nyingine. Safari hii wakubwa walitambua kwamba saluni ni riziki ya kulindwa, na hiyo ni hatua mbele. Lakini tuulizane ukweli. Kwa nini wateja wengi wa mjini walikuwa wakiwatafuta wasusi na vinyozi kutoka Kongo? Ni kwa sababu ya umahiri. Walijifunza kazi mapema, wakaithamini, wakaifanya kwa mikono safi na lugha nzuri. Kumwondoa fundi mgeni kunaweza kumwachia kijana wetu kiti, lakini hakumpi mkono wa kazi. Mkono hupatikana kwa kufundishwa.

Hali ilivyo sasa

Tatizo la kwanza la kazi hii ni hilo la mafunzo. Wasusi wengi hujifunza kwa kufagia saluni ya mtu. Msichana huanza kwa kuosha vichwa na kupasha maji, akapewa kushika rasta, akaruhusiwa kusuka nyuma ya kichwa, na baada ya mwaka au miwili akajiita msusi. Njia hiyo si mbaya, ndiyo njia ya mafundi wote wa kale. Lakini haina cheti, na asiye na cheti benki haimjui. Wengi hawana mkataba. Wengine hulipwa kwa sehemu ya kila kichwa, wengine hukodi kiti. Akiugua au akijifungua, kipato kinakatika siku hiyo hiyo.

Tatizo la pili ni afya, na hili ningependa lisikilizwe na wateja pia. Dawa nyingi kali za kulainisha nywele zimetengenezwa kwa kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Ikizidi muda huunguza ngozi ya kichwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza mwaka 2010 kwamba kazi ya saluni na unyozi, kwa sababu ya kemikali ambazo wafanyakazi hukutana nazo, inaelekea kuongeza hatari ya saratani. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango cha mara mbili na zaidi ya wasiozitumia. Utafiti huo hausemi kila anayetumia ataugua, na bado unaendelea kujadiliwa. Lakini kama anayetumia mara nne kwa mwaka anaonywa, vipi yule anayezishika mara nne kwa siku, bila glavu, katika chumba chenye dirisha moja?

Kwa vinyozi hatari ni nyingine. Wenye kumbukumbu wanajua jinsi Ukimwi, uliotambuliwa nchini mwaka 1983 mkoani Kagera, ulivyobadili tabia zetu mbele ya wembe. Wembe wa kuazimana ukakoma, na kila mtu akadai wembe mpya. Mashine za umeme zimepunguza mikato, lakini mashine isiyosafishwa kwa spiriti huhamisha mapunye na choa kutoka kichwa hadi kichwa. Mzazi anayempeleka mtoto kunyolewa mwisho wa wiki ana haki ya kuuliza mashine imesafishwa lini.

Tatizo la tatu ni umeme na maji. Hakuna aliyesahau migao ya mwaka 2006 na 2011. Draya haiendeshwi kwa maneno ya faraja. Mwenye saluni alilazimika kununua jenereta na petroli au kufunga mlango, huku mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Bwawa la Mwalimu Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, limetoa matumaini. Msusi atayapima matumaini hayo kwa taa ya chumba chake.

Nafasi zilizo wazi

Baada ya kutaja shida, si haki kunyamazia nafasi zilizopo, nazo si chache.

Kwanza, chombo cha kutoa mafunzo kipo. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na upo utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini bila kuwarudisha darasani kwa miaka. Utaratibu huo ukiwafikia wasusi na vinyozi kwa wingi, mitaani kwao na kwa ada wanayoimudu, utawapa karatasi ambayo benki na mwajiri wa hoteli wanaielewa. Amri ya kuzuia wageni ingepaswa kuja imeshikana mkono na mpango wa namna hiyo.

Pili, mtaji. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarudishwa mwaka 2024. Mkopo huo hutolewa kwa kikundi. Wasusi watano wa mtaa mmoja wanaogombania wateja leo wanaweza kesho kununua kwa pamoja tangi la maji na katoni za rasta kwa bei ya jumla.

Tatu, mtindo wenyewe umegeuka. Mabinti wengi wa leo wanaacha dawa kali na kufuga nywele zao za asili. Nywele hizo hazitaki kemikali, zinataka mikono. Zinataka mistari, mabutu, nywele za uzi, na mafuta ambayo nazi za Tanga na Mafia zinaweza kuyatoa. Ujuzi ambao bibi zetu waliutoa bure barazani sasa una bei katika miji ya Ulaya na Marekani, na wasusi Waafrika walioko huko wanaishi kwa huo. Kile ambacho Operesheni Vijana ilikitaka kwa amri kimekuja chenyewe kwa hiari, na kimekuja na ajira.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, umoja. Madereva wa bodaboda wana vituo na viongozi wao, na mkuu wa wilaya akitaka kusema nao anajua aende wapi. Waziri akitaka kusema na wasusi ataenda kwa nani? Penye umoja wenye nguvu, bajeti haitungwi bila kuwasikia, bei haishushwi kwa ushindani wa kuumizana, na mwenzao akiugua anachangiwa kwa utaratibu badala ya kupitishiwa kofia.

Ndugu msikilizaji, kinyozi hajinyoi. Hata fundi hodari anahitaji mkono wa mwingine kwa kichwa chake mwenyewe. Wasusi na vinyozi wamevihudumia vichwa vya Taifa hili katika harusi, misiba, mahafali na kampeni za uchaguzi. Wameyafanya hayo bila shule nyingi, bila bima na bila msemaji. Kama wakubwa watabisha hodi saluni kwa mara ya nne, na bila shaka watabisha, wasije na katazo wala kodi mpya mkononi. Waje na mwalimu, mkaguzi wa afya na fomu ya mkopo. Nasi wateja, tunapoinuka kwenye kiti na kujitazama kiooni, tulipe bei iliyokubaliwa bila kuomba ipunguzwe. Yule aliyesimama nyuma yetu saa nne nzima yuko kazini.